Koplo Mwandiko na Dakika Kumi na Moja

Kituoni walimwita Mwandiko. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kwa wenzake, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa kituo, alikuwa Koplo Mwandiko, mwanamke wa mezani ambaye herufi zake zilisimama wima kama gwaride. Miaka kumi na mitatu alikaa nyuma ya kaunta ileile ya mbao, simu mkono wa kushoto, daftari la matukio mbele yake, akiandika kila kilichoingia mlangoni: mbuzi aliyepotea, mume aliyempasua mkewe mdomo, pochi iliyookotwa, maiti iliyokutwa mtaroni. Askari waliotoka doria na mwandiko wa kuku walimsimulia tu, naye akawaandikia. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alikuwa akiwatania majirani: "Mke wangu hata akinigombeza, anagombeza kwa mistari iliyonyooka."

Fundi alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake wa mwisho, aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi ghorofa ya pili ya soko la nguo. Huyu wifi na Mwandiko walikuwa chanda na pete. Kila Jumapili alikuja nyumbani kwao, akavua viatu mlangoni na kumkagua Mwandiko sare yake iliyoanikwa kwenye kamba.

"Wifi, hiki ni kifungo gani?" aliuliza siku moja, akiushika mkono wa shati. "Afande mzima unatembea na kifungo cha nguo ya kulalia?"

"Cha awali kilidondoka."

"Basi aibu ni yangu. Watu watasema wifi yake anauza vifungo na yeye anafungia miiba." Akatoa sindano kwenye mkoba na kushona palepale, akicheka.

Sasa, ili lililotokea lieleweke, kuna jambo moja la kueleza kwanza. Miaka miwili kabla, mtu alipiga simu kituoni kusema kiwanda cha magodoro kinawaka. Mwandiko akawaita zima moto papo hapo. Lilipofika gari lao, kumbe ni takataka zinachomwa nyuma ya ukuta. Mkuu wa zima moto alilalamika, na Inspekta wa zamu akamwita Mwandiko ofisini, akamsimamisha wima nusu saa nzima. Tangu siku hiyo likawekwa agizo, likabandikwa ukutani juu ya simu: taarifa ya moto ijazwe kwanza kwenye fomu, fomu itiwe saini na Inspekta, ndipo zima moto waitwe. Chini ya agizo Mwandiko aliambiwa atie saini yake kuwa amesoma na kuelewa. Akatia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nane na dakika arobaini na moja mchana, simu ililia. Mpigaji alikuwa fundi viatu mwenye kibanda mkabala na soko la nguo.

"Moshi!" alisema. "Soko la nguo! Unatoka madirisha ya chini, unapanda juu!"

Mwandiko alivuta fomu. "Jina lako nani?"

"Dada, nakwambia kuna moto!"

"Nimekusikia. Jina lako, na namba unayopigia."

"Watu wako juu wanaungua, jina langu la nini?" yule mtu akalia kwa sauti, na simu ikakatika.

Mwandiko alijaza fomu. Herufi zilisimama wima. Mahali, aina ya jengo, idadi ya watu inayokadiriwa. Pale penye idadi ya watu ndipo alipomkumbuka wifi yake. Aliandika: mia tatu. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha mikutano, akagonga. Inspekta alikuwa ndani na wageni kutoka makao makuu. Alifungua mlango nusu, akamtazama kama anayemtazama inzi kwenye chai.

"Afande, kuna taarifa ya moto soko la nguo."

"Ya uhakika?"

"Mpigaji mmoja, afande. Amekata simu."

"Basi subiri mwingine apige. Nakuja."

Mlango ukafungwa. Mwandiko akarudi mezani. Simu ililia tena, na tena. Mtu wa pili, mtu wa tatu, wote moshi, wote soko la nguo. Angeweza kuwaita zima moto. Namba yao aliijua kwa kichwa kama anavyojua siku ya kuzaliwa kwake. Aliinua mkono wa simu, akatazama lile agizo ukutani na saini yake chini, akaurudisha. Akaenda kugonga tena. Inspekta akatoka, akasoma, akatia saini. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini na mbili Mwandiko alipowaita zima moto.

Askari walifika sokoni kabla ya zima moto, wakafunga kamba pande zote mbili ili watu wasisogee, maana ndivyo walivyofundishwa. Taarifa zilimjia Mwandiko kwa redio ya upepo, naye akaziandika moja moja. Saa nane na hamsini na nane, kamba imefungwa. Saa tisa na dakika mbili, mwanamume mmoja mwenye fujo amezuiwa kwenye kamba upande wa nyuma. Saa tisa na kumi, gari la zima moto limewasili. Saa tisa na ishirini, mlango wa nyuma umevunjwa kwa shoka. Kisha redio ikanyamaza kwa muda mrefu, na sauti iliyorudi haikuwa ya kiaskari tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayetapika.

Watu thelathini na saba walikufa. Ishirini na sita kati yao walikutwa wamerundikana nyuma ya mlango ule wa nyuma, uliokuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli kutoka nje. Wifi yake alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Hakuungua. Moshi ulimmaliza kabla ya moto kumfikia. Fundi alimtambua kwa mkoba wa sindano.

Jioni ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, Fundi alimuuliza mkewe, "Simu iliingia saa ngapi?"

"Ilichelewa kuingia," Mwandiko alijibu. "Ilipoingia tu, tukawaita zima moto."

Alilitamka neno hilo akitazama ardhi, na Fundi, aliyekuwa amechoka kulia, akalipokea.

Uongo wenyewe haukuwa wake peke yake. Asubuhi ile Inspekta alikuwa ameleta taarifa iliyopigwa chapa tayari: simu iliingia saa nane na hamsini na moja, zima moto wakaitwa saa nane na hamsini na mbili. "Saa ya ukutani ilikuwa nyuma dakika kumi," Inspekta alisema bila kupepesa macho. "Tia saini hapa." Mwandiko akatia. Tume ya uchunguzi ilimwita kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha maji, ikamuuliza kama saini ile ni yake, akasema ndiyo, akaambiwa aende zake.

Mzigo ukamwangukia mlinzi wa soko. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ile kufuli. Alisema alikimbia kwenda kufungua, akazuiwa na polisi. Polisi wakasema hawana kumbukumbu ya jambo kama hilo. Akafungwa miaka tisa. Mwenye jengo alitoa rambirambi redioni, akaanza kupaka rangi upya. Inspekta akapandishwa cheo.

Mwandiko naye akahamishwa. Hawakuiita adhabu. Walisema ni mapumziko, baada ya msiba. Alipelekwa chuo cha polisi kutunza maktaba, chumba kirefu chenye feni moja mbovu na rafu nne za vitabu visivyosomwa. Nyuma yake palikuwa na chumba kingine chenye harufu ya panya, ambamo vituo vyote vya mji vilileta madaftari yao yaliyojaa.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alisoma. Rafu moja ilikuwa ya makamanda wastaafu waliosimulia kazi zao, na kila kamanda, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kukosea. Majambazi ndio waliokosea. Rafu nyingine ilikuwa ya kujiandaa kwa maafa. Vitabu hivyo vilikuwa vinene, vyenye michoro ya mishale na visanduku. Kimoja kilisema hatua ya kwanza ni kuita helikopta. Mwandiko alicheka peke yake siku hiyo, mara ya kwanza baada ya miezi saba, maana kituo chao kilikuwa na gari moja, na hilo lenyewe liliwaka kwa kusukumwa. Kisha akakifunga. Alikuwa ametafuta katika vitabu vyote hivyo mtu mmoja tu: askari wa mezani aliyepokea simu, akachelewa. Hakumwona. Maafa yalianza yenyewe, wakubwa wakatoa amri, watu wakaokolewa au wakafa, na pale katikati, kwenye simu na fomu na mlango wa mkutano, hapakuwa na mtu.

Alinunua daftari la shule lenye mistari, akaanza kuandika.

Mwanzoni aliandika mambo ya wengine. Jumamosi alikwenda kwa walionusurika, akawaketisha, akawauliza mlikuwa wapi, mliona nini, mkapita wapi. Mshona mapazia alimweleza jinsi alivyotambaa kwa magoti akifuata ukuta. Fundi viatu, yule wa simu, alikuwa na kibanda bado palepale. Alimsikiliza Mwandiko akijitambulisha, akaacha kushona.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Mimi huwa nakuota." Akainama, akaendelea kushona soli mpaka Mwandiko alipoondoka.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo alikwenda gerezani kumwona mlinzi wa soko. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imetokeza, na akikohoa alishika ukingo wa meza. Alidhani Mwandiko ametumwa.

"Sijatumwa, baba. Naandika kitabu."

"Kitabu cha nini?"

"Cha siku ile. Nataka uniambie ulivyofanya wewe."

Mlinzi akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilohilo mara mia bila kusikilizwa. Mwenye jengo ndiye aliyeamuru mlango wa nyuma ufungwe kila siku mchana, kwa sababu ya vibaka. Yeye alikuwa lango la mbele moto ulipoanza. Ufunguo ulikuwa kiunoni. Mbele palikuwa moshi mtupu, kwa hiyo alizunguka mtaa mzima akikimbia, na umri wake ule, mpaka uchochoro wa nyuma. Akakuta kamba na askari kijana.

"Nikamwonyesha ufunguo. Nikamwambia, mwanangu, niachie, nina ufunguo. Akasema amri ni mtu asipite. Nikapita kwa nguvu, akanipiga rungu hapa." Aligusa bega. "Nikaangushwa. Tulikuwa tunawasikia, mama. Walikuwa wanaupiga mlango."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Mimi nitajuaje saa? Gari la zima moto lilikuwa bado."

Mwandiko aliacha kuandika. Alimuaga mlinzi vibaya, akajikwaa kizingitini, akapanda basi hadi chuoni ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Akaingia chumba cha nyuma, akatafuta kati ya vumbi mpaka akalipata daftari la kituo chake. Alifungua ukurasa wa Alhamisi ile. Herufi zilisimama wima, nzuri kama siku zote. Saa tisa na dakika mbili, mwanamume mmoja mwenye fujo amezuiwa kwenye kamba upande wa nyuma.

Mwenye fujo. Ni yeye aliyeandika. Askari kwenye redio alikuwa amesema, "Kuna mtu hapa analazimisha kupita," na Mwandiko, aliyezoea kuyanyoosha maneno ya wenzake, akamtafutia neno linalofaa daftari. Na juu yake, kwa wino uleule: saa nane na dakika arobaini na moja, simu ya kwanza. Hakuna aliyefuta. Hakuna aliyejali kufuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kufungua.

Alikaa chini sakafuni na daftari mapajani mpaka mlinzi wa chuo alipokuja kufunga madirisha.

Kuanzia hapo kitabu kilibadilika. Alirudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya na simu, fomu, agizo ukutani na saini yake. Aliandika uongo wa taarifa na nani aliyeupiga chapa. Aliandika neno "fujo" na jinsi alivyolichagua. Kila mwisho wa sura aliweka kile ambacho kingepaswa kufanywa, kwa maneno mepesi ambayo hata mtu wa darasa la nne angeelewa: ita kwanza, andika baadaye. Anayekuja na ufunguo apite. Mlango wa kutokea haufungwi kwa nje hata kama vibaka ni mia. Ilimchukua mwaka na miezi miwili.

Alipomaliza, hakumpelekea mchapaji. Alimpa mumewe.

"Soma kabla ya mtu mwingine," alimwambia. "Ukitaka nichome, nitachoma."

Fundi alikwenda nacho kibandani kwake. Siku nne alisoma kati ya baiskeli na baiskeli, na kurasa zikarudi zina alama za vidole vyenye grisi. Siku ya nne alirudi nyumbani mapema, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango bila kunawa mikono.

"Dakika kumi na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilijaza fomu."

"Dakika kumi na moja, fomu?"

"Fomu dakika nne. Saba zilizobaki nilimsubiri Inspekta atoke mkutanoni."

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Mlango wa mkutano uko mbali gani na meza yako?"

"Hatua nane."

"Na simu?"

"Ilikuwa mkononi."

Jirani alikuwa akitwanga, na kila mchi uliposhuka, Fundi alionekana kama anahesabu. Halafu akainuka.

"Nilikuuliza siku ya mazishi," alisema. "Nilikuuliza mbele ya kaburi, ukanidanganya. Hizo dakika ningeweza labda kuzimeza. Wewe uliogopa, mtu huogopa. Lakini miaka miwili nalala na wewe kitanda kimoja!"

"Nisamehe, baba."

"Sijui nianzie wapi." Aliingia ndani, akakunja mashati matatu na suruali, akaziweka kwenye mfuko wa vifaa. Mlangoni aligeuka. "Usichome," alisema, akaenda kwa mama yake.

Kesho yake Fundi alituma mtoto kuchukua zile kurasa, na wiki tatu baadaye mama mkwe alituma mtu amwite. Mwandiko alikwenda akiwa hana hakika kama atarudi na uso wake. Mama mkwe alikuwa ameketi ukumbini na miguu imenyooshwa, maana ilimvimba. Hakumkaribisha kiti, lakini kiti kilikuwepo, na Mwandiko hakuthubutu kukikalia. Akakaa chini.

"Mwanangu amenisomea kitabu chako," mama mkwe alisema. "Mimi macho hayaoni. Amenisomea chote."

"Pole, mama."

"Usinipe pole, nyamaza kwanza. Alipofika pale binti yangu yupo nyuma ya mlango, nikamwambia kaka yake aache. Akaacha. Kesho yake nikamwambia aendelee." Aliyafuta macho kwa ncha ya nguo. "Miaka miwili hii nilikuwa nafikiri binti yangu hakufanya haraka. Alikuwa mzito kidogo, unamjua. Nilikuwa namlaumu marehemu usiku kucha: kwa nini hukukimbia, wewe mtoto, kwa nini hukukimbia. Kumbe alikimbia. Alifika mlangoni."

"Alikuwa wa tatu, mama."

"Wa tatu." Alilishika hilo neno kama mtu anavyoshika kitu cha thamani kilichookotwa. Kisha sauti yake ikawa ngumu. "Sijakusamehe. Nitakapokusamehe nitakuita tena. Lakini hicho kitabu kichukue, ukakitoe. Yule mzee yuko jela kwa ajili ya nini?"

Mchapaji aliyekubali alikuwa na mashine moja ya zamani nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alichapa nakala mia tatu, akakataa kuweka jina lake. "Mimi nina watoto, dada," alisema, "na wewe unatafuta kufa mchana kweupe." Jalada halikuwa na picha. Mwandiko aliweka jina lake kamili na cheo chake.

Ilichukua siku kumi na mbili kwa kitabu kufika makao makuu. Aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, maofisa watano nyuma ya meza ndefu, na mmoja wao alikuwa Inspekta wa zamani, sasa na nyota zaidi begani.

"Umetoa siri za jeshi," mwenyekiti alisema.

"Siri ipi, afande? Watu thelathini na saba tuliwazika hadharani."

"Umetia saini taarifa rasmi, kisha umeandika kinyume chake. Lini ulisema uongo, wakati ule au sasa?"

"Wakati ule, afande. Imo kwenye kitabu, ukurasa wa kumi na tisa."

Kikao chote yule Inspekta wa zamani alikuwa akikizungusha kitabu mezani, akikigeuza mbele nyuma, kama anayetafuta mahali kinapofunguka. Mwandiko alifukuzwa kazi siku hiyo. Alivua sare chumba cha nyuma cha maktaba, kati ya madaftari, akaikunja, akaikabidhi kwa saini.

Wakili mmoja mwanamke, aliyewatetea wasio na uwezo, alichukua kitabu na kuomba daftari la Alhamisi ile lifikishwe mahakamani. Daftari lilichelewa miezi mitano, likapotea mara moja, likapatikana. Mwishowe mlinzi akaachiwa. Hakimu alisema ushahidi haukutosha, basi. Hakutaja mwenye jengo wala polisi, na hakuna mtu aliyeingia mahali pa mlinzi kule ndani. Mwandiko alimsubiri nje ya geti. Mlinzi alitoka na kifurushi kidogo, akikohoa, akasimama juani kama mtu aliyesahau jua linavyofanya.

"Yule kijana wa kwenye kamba," aliuliza walipokuwa wakitembea, "umemtaja jina?"

"Hapana, baba."

"Vizuri. Alikuwa analia yule. Ananipiga huku analia." Akapumzika kidogo, akiegemea ukuta. "Mtaje yule aliyeamuru mlango ufungwe, mpaka wino uishe."

Aliishi miezi saba. Mapafu yalikuwa yamekwisha.

Mwandiko hakuwa na kazi tena, ila kazi ilimfuata. Mwenyekiti wa wauza mboga wa soko la upande wa pili wa mji, mama mmoja wa miraba minne mwenye sauti ya kengele, alikisoma kitabu, au alisomewa, akamtafuta. "Njoo utufundishe," alisema. "Sisi nasi tuna mlango wenye kufuli." Mwandiko akaenda. Kufuli waliikata wenyewe siku hiyohiyo kwa msumeno, mwenye soko akipiga kelele pembeni. Akawafundisha kutambaa chini ya moshi, akawaambia mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka pumzi vilevile. Wamama walitambaa sakafuni kati ya meza za nyanya, wakichekana makalio. Mwenyekiti alikwama kwenye mguu wa meza, akavutwa na watatu. Walirudia mara nne mwaka ule.

Moto ulipokuja, ulikuja kwenye nyaya za umeme, adhuhuri, Mwandiko akiwa nyumbani anafua. Habari aliletewa na mwenyekiti mwenyewe, aliyefika akihema, uso una masizi.

"Tumetoka," alisema. "Watu mia mbili na zaidi. Tumetoka wote kwa mlango wa nyuma, tumeinama kama ulivyosema." Kisha akakaa chini kwenye ngazi, akaanza kulia. "Isipokuwa mzee wa mizani. Alikuwa ametoka, Mwandiko. Nilimwona kwa macho yangu ametoka. Akarudi kuchukua mizani yake."

Mwandiko aliiacha nguo kwenye beseni. Hakuwa amewafundisha hilo. Alikuwa amewafundisha kutoka. Hakuwafundisha kumshika anayerudi. Wiki ile alikwenda msibani, akawauliza watoto wa mzee habari zake, na akaanza kuandaa toleo la pili lenye sura moja zaidi.

Fundi alikuwa amerudi nyumbani kabla ya hapo, baada ya mwaka na nusu, siku moja asubuhi, na mfuko uleule wa vifaa. Hakueleza, naye hakuulizwa. Waliishi kwa uangalifu, kama watu wanaopita kwenye chumba chenye mgonjwa. Waliongea mambo ya chumvi, mvua na paa. Mama mkwe alifariki bila kumwita Mwandiko mara ya pili.

Kurasa za toleo la pili zilipotoka kwa mchapaji ili zikaguliwe, Mwandiko aliziacha mezani akaenda sokoni. Aliporudi alimkuta Fundi amevaa miwani, ana penseli ya kuchorea mbao aliyoiazima kwa jirani. Alikuwa kwenye orodha ya waliofariki. Mbele ya jina la dada yake alikuwa amekata umri kwa mstari mmoja.

"Umeandika thelathini na moja," alisema bila kuinua kichwa. "Alikuwa ametimiza thelathini na mbili. Juma lile lile, Jumatatu."

"Sikujua."

"Hukujua. Alikuwa hapendi watu wajue." Alilamba ncha ya penseli, akaandika tarakimu mpya taratibu, kwa mwandiko wake mbovu, akaupuliza ukurasa ingawa penseli haina wino. Kisha akasogeza kiti kidogo upande, akamwachia nafasi mezani. "Kaa. Kuna mengine."